Tangi Moja kwa Wanyama Mbalimbali: Je, Yafaa?

Muhula huu baadhi ya wanafunzi wenzetu wametoa shauri kwamba chumba cha sayansi kiwe na tangi la kioo, na ndani yake wakae pamoja kobe, mjusi, vyura na nyoka asiye na sumu, ili tujifunze tabia zao. Sababu yao ni kwamba tangi moja ni rahisi kuliko manne. Shauri la kufuga kwa ajili ya elimu nalipenda. Shauri la kuwachanganya nalipinga, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, wengine husema, "Mbona porini wanakaa pamoja?" Ni kweli, lakini porini mnyama ana njia ya kukimbia. Swala amwonapo chui ana uwanda mzima mbele yake. Ndani ya kioo hapana pa kukimbilia. Mdogo ataliwa na mkubwa, na hata asipoliwa atakaa kwa hofu, asile, akonde.

Pili, watajibu kwamba tuchague wanyama wapole. Hapo ndipo penye hatari kubwa, maana ugonjwa hauna upole. Kobe aweza kubeba tumboni kijidudu kiitwacho Entamoeba invadens asidhurike hata kidogo. Nyoka au mjusi akikipata kwa maji yaliyochafuliwa, huharisha na mara nyingi hufa. Kobe ni mzima, wala hakumgusa mwenzake, lakini amemwua.

Jambo hili si geni kwetu watu wa Arash. Majira ya nyumbu kuzaa, Januari hata Machi, wafugaji huwaondoa ng'ombe katika nyanda za majani mafupi na kuwapandisha milimani, ijapokuwa majani ya huko chini ndiyo mazuri. Ndama wa nyumbu hutoa virusi visivyomdhuru yeye, bali ng'ombe akishikwa na ugonjwa huo ni nadra kupona, na dawa ya kuuponya hakuna. Wazee wetu walijua kuepuka hatari hiyo bila hadubini. Hawakusema kwamba nyumbu ni mkali. Walitenga malisho tu. Basi ikiwa nyanda hizi kubwa hazitoshi kwa nyumbu na ng'ombe mwezi wa Februari, tangi la futi tatu litatoshaje kwa kobe na nyoka?

Tatu, kila mnyama ana makao yake. Perege wadogo wa Ziwa Natron huishi katika maji ya moto yenye magadi. Mtie humo samaki wa mto baridi, atakufa bila kuumwa na yeyote.

Sisemi kwamba tangi ni baya. Vyura wadogo wa maporomoko ya Kihansi, waliogunduliwa mwaka 1996, waliokolewa na matangi. Maji yao yalipopungua kwa sababu ya bwawa la umeme, wapata 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000, wakalelewa kwa manyunyu ya maji, joto na chakula kilichowafaa wao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Laiti wangalitupwa katika tangi moja na vyura wa kila nchi, huenda tusingalikuwa na wa kurudisha. Ukungu wa ngozi uuao vyura umeenea duniani pamoja na biashara ya vyura hai, na hata Kihansi ulionekana mwaka 2003.

Kwa hiyo natoa shauri hili: aina moja, tangi moja. Tuanze na samaki wa aina moja tu. Mgeni akiongezwa, atengwe kwanza kwa majuma kadhaa. Kila agusaye tangi anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa kobe na mijusi huweza kuwaambukiza watu salmonela. Wala asikamatwe mnyama wa porini bila kibali, kama Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inavyotaka.

Fedha zisipotosha kwa matangi manne, tuwe na moja lenye samaki wazima. Tangi la mizoga halina somo ambalo wazazi wetu hawalijui tayari.