Rangi ya Dari Ikibanduka, Tafuta Maji Kwanza



Pamba ikiuzwa, watu wengi wa Bariadi, Maswa na Meatu hutengeneza nyumba. Hununua bati, mbao za dari na rangi. Hilo ni jambo jema. Lakini mvua zikianza, rangi ya dari hutoa malengelenge, kisha hubanduka. Mwenye nyumba hununua kopo jingine, akapaka juu yake. Mvua nyingine zikija, ni yale yale.

Sisi tunasema hiyo ni hasara. Rangi inayobanduka si ugonjwa, ni dalili. Mganga wa zahanati hutafuta chanzo kabla ya kutoa dawa. Nawe fanya hivyo.

1. Kuna duara la kahawia, nalo hukua baada ya mvua? Bati linavuja. Panda darini mchana, ukikanyaga mihimili tu. Ukiona mwanga kwenye tundu la msumari, maji huingia hapo. Maji hutembea juu ya mbao, kwa hiyo tundu laweza kuwa mbali na duara.

2. Doa lipo hata wakati wa kiangazi, tena linanuka? Huenda ni mkojo wa popo. Funika pua na mdomo, nyunyizia kinyesi maji, ndipo ukiondoe.

3. Kuna madoa meusi, na chumba kina jiko au hakina dirisha? Huo ni ukungu. Mvuke hauna pa kutokea. Toa jiko nje, weka dirisha.

4. Dari ni kavu, lakini rangi hutoka kama maganda yenye vumbi jeupe nyuma? Ilipakwa juu ya vumbi au chokaa kuukuu.

Kwa nini tunaandika haya katika ukurasa wa afya? Ukungu huleta kikohozi, na huwasumbua sana wenye pumu. Tena, rangi ya mafuta ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi. Mtoto akila maganda yake, risasi hudhuru ubongo.

Kwa hiyo usikwangue rangi ikiwa kavu. Toa watoto nje. Lowesha rangi, kwangua, kusanya maganda yote, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji. Nawa mikono kwa sabuni.

Halafu ziba tundu. Acha dari ikauke kabisa, hata kwa wiki kadhaa. Ndipo upake rangi. Na mtu akikohoa kwa wiki mbili, aende zahanati. Asidhani ni ukungu tu.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kufukia madimbwi ili mbu wasizaliane. Hatukungoja malaria itushike. Dari nayo ni hivyo hivyo. Tundu moja la msumari huzibwa kwa gharama ndogo kuliko kopo la rangi. Inua macho leo, utazame dari yako.