Kuku wa nyumbani hana ladha? Mi naona mpishi anaonewa

Kuna dada mmoja anafahamika sana hapa mjini (jina kapuni), juzi kaandika kwenye ukurasa wake kwamba mumewe kila Ijumaa anakula kuku choma baa, akirudi nyumbani hagusi chakula. Kisa? Eti kuku wa nyumbani hana ladha. Watu wakamvamia: "Kajifunze kupika mama, utaibiwa mume!"

Mi nasema hapana. Mnamwonea.

Hivi mmeshamwangalia yule mchoma kuku wa baa? Kuku wake kampaka chumvi, saumu na tangawizi tangu mchana. Ukifika saa mbili usiku, viungo vimeshaingia mpaka mfupani. Nyumbani je? Baba analeta kuku saa moja jioni, saa mbili anataka kula. Hapo hata umlete mpishi wa hoteli, juu kutakolea, ndani patupu.

Kwa hiyo shida ni muda. Kuku wa kisasa mchanje kwa kisu, mpake saumu na tangawizi ya kutwanga, chumvi, bizari nyembamba, pilipili manga na mtindi vijiko vitatu vinne, kisha mlaze kwenye friji usiku kucha. Limau subiri karibu na kupika, maana likiwa jingi na likikaa sana nyama inalegea vibaya. Kesho yake mchome kwenye mkaa usio mkali mpaka aive ndani.

Wa kienyeji ni habari nyingine. Huyo ukimkaanga mbichi utatafuna raba. Mchemshe taratibu na tangawizi, saumu na chumvi. Kama ni jogoo mzee, saa moja na nusu hata mbili ni kawaida. Supu usimwage! Kaanga vitunguu na nyanya mpaka mafuta yapande juu, rudisha kuku na supu kidogo, tia tui jepesi lichemke, mwisho tui zito. Hapo punguza moto na usiache kukoroga, tui lisije likakatika. Kamulia ndimu, epua.

Sasa niambieni, muda wote huo anautoa nani? Yule dada naye anatoka kazini jioni kama mumewe. Tunataka ladha ya kuku aliyeandaliwa siku nzima, halafu kazi yote tunamwachia mtu mmoja aliyechoka, na akishindwa tunamtisha na michepuko. Si haki.

Kaka yangu, kuku mlete Alhamisi. Saumu menya wewe, mkaa washa wewe. Hela ya baa ongezea kwenye kuku mzima, mle na watoto wako. Na firigisi siku hiyo mpe aliyepika.

Au nimekosea? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.