Kabla ya kwenda kijijini na watoto, fungua buti uangalie spea

Msimu wa likizo unapokaribia, kila mzazi ana orodha yake kichwani: nguo za baridi, dawa ya homa, maji, karanga za kutafuna njiani, kadi ya kliniki ya mtoto mdogo. Tairi la akiba ni nadra kuwemo. Limelala chini ya zulia la buti, hakuna anayeliona, na hakuna anayeliulizia mpaka siku ya pancha.

Huenda ukajiuliza mwandishi wa habari za afya anatafuta nini gereji. Jibu liko kwenye ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023: ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, na kila mwaka huua takriban watu milioni 1.19 duniani. Familia iliyosimama pembeni ya barabara kuu gizani, malori yakipita hatua chache kutoka ilipo, iko hatarini kila dakika inayokaa pale. Spea uliyobeba ndiyo inayoamua mtakaa dakika 20 au mtakaa mpaka alfajiri.

Mama mmoja wa watoto watatu ameniletea swali ambalo najua limo kwenye nyumba nyingi. SUV yao ilitoka Japani bila tairi la akiba, ikiwa na pampu ndogo na chupa ya gundi. Yeye anataka wanunue spea kamili. Mumewe anasema hizo ni gharama za bure, na tena itakula nafasi ya mabegi. Nani yuko sahihi?

Baba ana hoja, lakini hoja yake inaishia mjini. Gundi na pampu husaidia tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi. Tairi likichanika ubavuni, au likipasuka kwa kuingia shimoni, gundi haifanyi kitu. Hapo hata fundi wa kuziba pancha hana la kufanya, maana ubavu hauzibwi. Mnahitaji tairi jingine, na si kila mji mdogo una duka lenye saizi yenu.

Magari mengine huja na spea nyembamba, ile inayofanana na ya pikipiki kubwa. Itambue kwa herufi T mwanzoni mwa saizi yake. Hiyo imetengenezwa ikufikishe kwa fundi tu. Mwendo wake wa juu kwa kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na baadhi ya watengenezaji wanashauri isizidi umbali wa kilomita 80 hivi. Hujazwa upepo mwingi kuliko tairi la kawaida, mara nyingi PSI 60. Sasa fikiria safari ya Dar es Salaam hadi Iringa, karibu kilomita 500, huku barabara ikipita takriban kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Si mahali pa kutegemea tairi la kuazima.

Kwa hiyo namuunga mkono mama: kwa familia inayosafiri mikoani, spea iwe tairi kamili, sawa na mengine manne. Kuchagua kwake si kugumu ukijua pa kuangalia.

Anza na maandishi ya ubavuni. Tuseme gari lako linatumia 225/65R17 102H. Namba 225 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Ile 102 ni uwezo wa kubeba: kilo 850 kwa tairi moja. Usikubali namba ndogo kuliko iliyopendekezwa kwa gari lako, hata kama muuzaji anasema linaingia. Gari lililojaa watoto, mabegi na gunia la mchele wa bibi linahitaji uwezo huo wote.

Kama gari lako linasukumwa na magurudumu yote manne, usawa wa saizi ni muhimu zaidi. Tairi moja likiwa dogo au kubwa kuliko mengine, mitambo inayogawa nguvu hulazimika kufanya kazi muda wote na kupata joto, na ukarabati wake ni ghali kuliko tairi lenyewe.

Kisha angalia umri. Karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata bila kutembea. Watengenezaji kadhaa wa magari wanashauri tairi libadilishwe baada ya miaka 6, na kampuni kubwa za matairi zinaweka miaka 10 kuwa mwisho kabisa, spea ikiwemo. Hapa ndipo matairi ya mtumba yanapotudanganya: meno bado marefu, lakini mpira umekauka na una nyufa.

Ukitaka kupunguza gharama, punguza kwenye rimu. Rimu ya mtumba isiyopinda wala kupasuka ni salama. Ila usiichukue kwa sababu tu matundu ya nati yanalingana. Rimu nyingi za Toyota na Nissan zina matundu matano yenye vipimo sawa, lakini tundu la katikati na nati zake hutofautiana. Kabla hujalipa, mwambie fundi aifunge kwenye gari lako, mbele na nyuma, aizungushe uone kama inagusa breki. Ukichukua rimu ya chuma wakati gari lina rimu za spoti, uliza kama nati ulizonazo zinaifaa.

Aina ya tairi ifuate njia zenu. Kwa familia inayotembea zaidi kwenye lami, tairi la barabara kuu linatosha na lina kelele kidogo. Kama kwa bibi ni changarawe na mawe, chukua la mchanganyiko. Yale ya matope yenye meno makubwa hayana kazi kwenye gari la kupeleka watoto shule.

Tukija kwenye hoja ya nafasi, baba asikilizwe. Gurudumu kamili la inchi 17 lina uzito wa kilo 20 au zaidi. Likiwekwa tu nyuma ya kiti cha watoto bila kufungwa, breki ya ghafla hulirusha mbele. Kama shimo la chini ya buti halilitoshi, lifungwe kwa mikanda imara ya mizigo kwenye vishikizo vya sakafu, na mabegi mepesi ndiyo yapande juu. Kama hamwezi kulifunga, ni heri mabegi mawili yatangulie kwa basi.

Spea ikishapatikana, ipime upepo kila mwezi pamoja na mengine, asubuhi kabla gari halijatembea. Kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Izungushwe na matairi mengine kila kilomita 8,000 hadi 10,000, ili yote matano yaishe pamoja. Hakikisha pia jeki, spana ya nati na pembetatu za tahadhari zimo.

Pancha ikitokea, sogea polepole mpaka penye tambarare na nafasi, hata kama tairi litaharibika zaidi. Tairi hununuliwa. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu, na washushe watoto upande usio na magari, wasimame mbali na barabara na mtu mzima mmoja. Asibaki mtoto ndani ya gari lililo juu ya jeki, hata aliyelala. Mkishatembea kilomita 50 hivi, simameni mkaze nati tena.

Jumamosi hii, kabla ya kupanga mabegi, inua zulia la buti. Soma saizi, soma mwaka, pima upepo. Ukikuta chupa ya gundi tu, mazungumzo ya baba na mama yafanyike nyumbani, mezani, si kilomita 300 kutoka nyumbani watoto wakilia kwa baridi.