LIVINGSTONE ANA MTAA, WALIOMBEBA JE?

Ndugu msomaji, mtaa unaokaa umepewa jina la nani? Na nani alikuuliza kabla ya kulipa?

Mimi nimekulia Sitalike, kilomita zipatazo 35 kutoka Mpanda mjini, mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi. Utotoni njia zetu hazikuwa na vibao. Tulisema njia ya kwa fundi baiskeli, njia ya kisimani, njia ya viboko. Hii ya mwisho iliteremka mpaka Mto Katuma. Kiangazi maji yakipungua viboko walirundikana kama magunia, na sisi watoto tulikatazwa kukanyaga huko jua likizama. Kila jina lilikuwa na sababu yake. Fundi alikuziba pancha kwa mkopo, na kiboko angekuua bure.

Hata hifadhi, iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 1974, ina jina la hapohapo. Wazee wanasema Katavi alikuwa msasi, na mzimu wake unakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Mpaka leo watu huweka sadaka pale.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaja Dar es Salaam kutafuta maisha. Siku ya kwanza Kariakoo nikaona kibao: Mtaa wa Livingstone. Nikacheka peke yangu. Huyu mzee si alipita kwetu! Mwishoni mwa 1871 yeye na Stanley walitoka Ujiji, wakakata nyika za Ukawendi, upande wa Mpanda, hadi Tabora. Shuleni tulikaririshwa kwamba ni mvumbuzi. Hatukuambiwa mizigo yake ilikuwa vichwani mwa nani.

Alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, waliomleta ni akina Susi na Chuma na wenzao. Waliubeba mwili kwa miguu, wakapitia Ufipa na Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500, na wengine walifia njiani. Mzee akazikwa London, Westminster Abbey. Jiwe la kaburi lake linataja mikono iliyomleta. Majina ya wenye mikono hayamo!

Na Kariakoo yenyewe? Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa kwa njaa na maradhi wakibeba risasi za vita isiyowahusu. Aliyebebwa ana kibao chenye jina lake kamili, lakini waliobeba wameachiwa jina la kikosi, tena limepotoka.

Sasa tazama kijana unayebeba mizigo hapo leo. Mwishoni mwa 2021 wamachinga waliamriwa waondoke pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, Kariakoo ikiwamo. Meza zikavunjwa. Kibao cha Livingstone hakikuguswa.

Mtasema haya ni mambo ya kale. Si kweli. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, vibao na namba za nyumba vikaenda mpaka vijijini. Anwani ni jambo jema, gari la wagonjwa linahitaji kujua lielekee wapi. Lakini wakubwa wana mazoea yao: akija mgeni mzito, barabara inabatizwa. Mwaka 2013 alikuja Obama, na sehemu ya Barabara ya Ocean ikawa yake.

Sisi hatusemi Livingstone ang'olewe usiku. Tunasema majina yapitie kwenye mkutano wa wakazi, kwa kunyoosha mikono, na si mezani kwa kigogo. Vijana, acheni kuwaachia wazee mikutano ya mtaa halafu mnalalamika kijiweni. Nendeni. Jina likiletwa, ulizeni swali moja tu: huyu alitubeba, au sisi ndio tuliombeba?