Ngome ni ya bwana mkubwa, wengine walilala wapi?

Juma lililopita binti yangu, ambaye yuko gredi ya saba, alirudi nyumbani na kazi ya somo la Jamii. Alitakiwa achore nyumba ya zama za kati. Akaketi sakafuni, maana chumba chetu hapa Kayole hakina nafasi ya meza mbili, akachora ngome ya mawe yenye minara minne, bendera juu, handaki la maji likiizunguka na askari amepanda farasi. Picha ilikuwa nzuri, sikatai. Nikamwuliza, "Na choo kiko wapi?"

Akacheka hadi penseli ikamtoka mkononi. "Mama nawe!"

Lakini sikuwa nafanya mzaha. Asubuhi hiyo hiyo Baba Kevo na Mama Shiro walikuwa wametoana jasho hapo uani, kisa na maana ni zamu ya kuosha choo. Yeyote aliyewahi kutafuta chumba huku Eastlands anajua kwamba hatuanzi kwa kuuliza rangi ya ukuta. Tunauliza maji hutoka siku gani, na choo kimoja hutumiwa na milango mingapi. Kwa nini basi tukisoma habari za watu wa kale tusiwaulize maswali hayo hayo?

Zama za kati, kwa hesabu ya wanahistoria wa Ulaya, ni ile miaka elfu moja hivi kati ya mwaka wa 500 na 1500. Vitabu hutuonyesha ngome na makanisa makubwa kwa kuwa hayo ndiyo yaliyosalia. Ngome ilikuwa ya bwana mkubwa. Mkulima wa Uingereza wakati huo alilala katika nyumba ya miti iliyokandikwa udongo, paa la nyasi, moto ukiwaka katikati ya sakafu na moshi ukijitafutia njia. Mara nyingi ng'ombe walilala upande mmoja wa nyumba, watu upande wa pili. Msomaji ambaye hupanda basi kila Desemba kwenda kumwona nyanya mashambani hataona ajabu kubwa hapo.

Mjini nako ugomvi ulikuwa ule ule wa ploti. Kanuni za ujenzi za jiji la London, ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa za mwaka wa 1189, zilieleza kwamba ukuta wa mawe baina ya majirani uwe na unene wa futi 3, kila mmoja akitoa futi moja na nusu ya ardhi yake. Shimo la choo likijengewa mawe, liwe futi 2 na nusu kutoka mpaka wa jirani. Lisipojengewa, futi 3 na nusu. Ukisoma hayo unawasikia kabisa akina Baba Kevo wa siku hizo wakifokeana dirishani. Na baada ya moto mkubwa wa mwaka wa 1212, paa jipya la nyasi likapigwa marufuku jijini humo.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda London. Binti yangu mwenyewe amewahi kutembea ndani ya nyumba ya zama hizo, ila hakujua. Mwaka juzi tulikuwa Malindi kwa shemeji, tukapanda matatu hadi Gede, karibu na Watamu. Alichokumbuka ni tumbili aliyempokonya ndizi.

Gede ni mji wa Waswahili uliostawi tangu karne ya 12 hivi, ukafikia kilele cha utajiri katika karne ya 15, na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Msitu ukaumeza. James Kirkman alianza kuufukua mwaka wa 1948, na Julai 2024 ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kaburi moja hapo limeandikwa tarehe yake, mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399. Wakati huo Nairobi ilikuwa bado bwawa la nyasi na mto.

Nyumba za mawe ziko karibu na jumba la mfalme, zimebanana kuta kwa kuta kama maplati ya Umoja. Wachimbaji walizipa majina kwa vitu walivyookota ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya sanduku la pembe za ndovu, nyumba ya shanga ya Venice. Mimi hupenda hiyo ya mkasi kuliko zote. Mtu aliweka mkasi wake mahali akifikiri ataurudia.

Ukiingia mlangoni hujikuti sebuleni moja kwa moja. Kwanza kuna ua ulioshuka chini kidogo, mahali pa kumpokea mgeni. Halafu chumba kirefu chembamba. Nyuma yake ndipo vyumba vya kulala, na ndani zaidi ghala lisilo na mlango wa kawaida, ambalo mtu aliliingia kwa tundu lililoachwa juu karibu na dari. Mwizi angehitaji ngazi. Na choo kipo, msomaji, tena ndani ya nyumba: shimo la kuchuchumaa na mahali pa kutawadhia. Katika ploti yetu tuna vyoo viwili kwa milango kumi na minne.

Vyumba ni vyembamba kwa sababu moja tu. Paa lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, likibebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwi ndefu kupita kiasi. Mti wa mkoko ndio ulioamua upana wa chumba, takriban mita 2 na nusu. Mawe yenyewe ni ya matumbawe. Yale magumu yalichimbwa ardhini kwa ajili ya kuta. Yale laini yalitolewa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa upesi kuwa fremu za milango kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa nayo ilitokana na kuchoma matumbawe hayo hayo.

Hapa nataka tutulie kidogo, maana ni rahisi kuingiwa na kiburi na kuanza kuimba kwamba sisi tulikuwa na vyoo ndani Wazungu wakilala na ng'ombe. Gede ilikuwa na kuta mbili. Nyumba za mawe ziko ndani ya ukuta wa ndani. Baina ya ukuta huo na ule wa nje waliishi watu wengi wa kawaida, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Ukienda leo unaona miti na majani matupu. Udongo umerudi kuwa udongo. Na hata mwenye nyumba ya mkasi sidhani alijitekea maji. Watumishi na watumwa walikuwepo, na mkasi wao hakuna aliyeuita jina la nyumba.

Hata miji mashuhuri haikuwa mawe matupu. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka wa 1331 aliona Mombasa misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na penye milango yake visima vifupi ambapo watu walichota maji kwa chombo cha mti, wakaosha miguu kabla ya kuingia. Kilwa aliisifu kuwa mji mzuri, na nyumba alizoziona huko zilikuwa za mbao.

Ujenzi huo wa miti na udongo haukubaki Pwani. Miaka ya 1920, Pumwani ilipotengwa iwe makazi ya Waafrika wa Nairobi, wenyeji wake walijijengea nyumba kwa mtindo wa Waswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma pamoja na choo. Ndiyo Majengo. Ukiitazama ploti ya Kayole kwa makini, vyumba vinavyotazamana na mfereji mmoja mwishoni, utaona ni mjukuu wa nyumba hiyo, ila mwenye ploti ameubana ukumbi ili apate chumba kimoja zaidi cha kukodisha.

Sasa turudi kwenye maji. Gede iko kilomita kadhaa kutoka baharini na haina mto. Ilitegemea visima. Karibu na msikiti mkuu kuna kisima ambacho, kwa maelezo ya Kirkman, kilichimbwa kikaongezwa kina kwa sababu maji yalikuwa yakizidi kushuka. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa. Wengine hutaja vita, kama ule uvamizi wa Wazimba mwaka wa 1589, na kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini. Pengine ni yote kwa pamoja. Lakini mimi, ninayeamka saa tisa za usiku kusikiliza kama mfereji unakoroma, kisima ndicho ninachokiamini. Mji wenye bakuli za China mezani, na watu wanazidi kurefusha kamba ya ndoo.

Nilimsimulia binti yangu haya yote. Akafuta ngome. Akachora nyumba ya Gede yenye ua, ghala lisilo na mlango, choo na kisima, na nje ya ukuta akaongeza vijumba vya makuti, vingi, akavijaza hadi pembeni mwa karatasi. Alirejea Ijumaa na alama 6 kwa 10. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Ngome iko wapi?"

Ameniomba niende shuleni kesho. Nitaenda, mradi maji yatoke mapema nijaze mitungi kwanza.