Mtoto Tumboni na Jiko la Makaa

Nataka kutoa maoni yangu juu ya neno lililosemwa katika mdahalo wa muhula uliopita. Lilipigiwa makofi na ukumbi mzima, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga. Mada ilikuwa kama yafaa makaa yaendelee kutumika majumbani. Msemaji mmoja, mtani wangu, alipoambiwa kwamba hewa ya jiko huwadhuru mama wajawazito, alisimama akajibu: "Mtoto tumboni hana dirisha wala havuti hewa kwa pua. Amezoea hewa haba tangu siku ya kwanza. Jiko litamfanya nini?" Watu wakacheka, na hoja ikapita.

Nusu ya kwanza ya maneno yake ni kweli tupu, na kwa sababu hiyo nusu ya pili ni ya hatari.

Tuanze na ukweli wake. Hewa tunayovuta ina oksijeni sehemu 21 katika kila 100. Mimba changa haioni kiasi hicho. Katika wiki 10 hivi za mwanzo, chembe za mimba yenyewe huziba midomo ya mishipa ya damu ya mama pale kondo linapojishikiza, hata damu haiingii humo kwa wingi, bali hupenya majimaji tu. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 vizibo hivyo hulegea, damu huingia, na oksijeni hupanda kiasi cha mara tatu. Mtu atadhani maumbile yamekosea. Hasha! Viungo vinavyoanza kuumbwa ni vyororo, na oksijeni ikizidi huvidhuru, kama inavyokula chuma kikapata kutu. Wataalamu wanaokuza mimba katika vyombo vya maabara, kwa ajili ya watu waliokosa watoto, wamejifunza hayo hayo: siku hizi maabara nyingi hupunguza oksijeni hadi sehemu 5 hivi katika 100, maana humo mimba husitawi kuliko katika hewa ya kawaida.

Joseph Barcroft, bingwa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye mwaka 1921 alisafiri kwenda milima ya Peru kuchunguza damu ya watu wakaao juu, alimfananisha mtoto tumboni na mtu aliye juu ya mlima Everest. Sisi tungependa kusema Kilimanjaro, lakini kileleni Kibo, mita 5,895, bado oksijeni ni kama nusu ya ile ya pwani. Mtoto amepanda juu zaidi.

Je, chembe hujuaje kwamba oksijeni imepungua? Fumbo hili lilifumbuliwa na William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kila chembe hutengeneza bila kukoma protini ambayo wataalamu huiita HIF. Ikiwapo oksijeni ya kutosha, oksijeni hiyo hiyo hutumika kuitia protini alama, na ikishatiwa alama hukamatwa ikavunjwavunjwa kwa dakika chache. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi. Basi protini hubaki, huingia katika kiini cha chembe, na kuamsha mamia ya jeni: mishipa mipya ya damu ichipuke, chembe nyekundu ziongezwe, sukari itumike kwa njia isiyohitaji oksijeni. Ni kama mwenye nyumba amwitaye tarishi kila dakika na kumrudisha mlangoni kila dakika, ili siku ya haja asihangaike kumtafuta. Mwanzoni niliona ni ubadhirifu mtupu. Lakini panya wa maabara walioondolewa jeni ya protini hii hawakuzaliwa kamwe. Walikufa tumboni siku ya 11 hivi, mishipa na moyo vikiwa vimeharibika.

Mtoto akizidi kukua hupata silaha nyingine. Damu yake ina hemoglobini ya namna ya pekee, ishikayo oksijeni kwa nguvu kuliko ile ya mama, ndipo huweza kumnyang'anya.

Msomaji atasema: basi mtani wako alishinda kwa haki. Sikubali. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hata yale mekundu yasiyo na moshi, ambayo husemwa "sasa yamekolea, ingiza ndani," huitoa. Hemoglobini huishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ishikavyo oksijeni. Ni kama basi lililojaa abiria wasiotaka kushuka: oksijeni hubaki kituoni. Silaha ya mtoto ya kunyang'anya yafaa nini, ikiwa mama mwenyewe amebeba abiria hao? Hupita katika kondo wakaingia damu ya mtoto, na humo hutoka polepole kuliko watokavyo kwa mama. Mama ametolewa nje, amepata nafuu, anaomba maji. Mtoto bado yumo taabuni. Tena mishipa mipya haichipui kwa usiku mmoja.

Nasema haya kwa uchungu. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, mwezi wa Julai, baridi ya huku kwetu Njombe ilituzidi. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Tuliingiza jiko chumbani, na mwanya wa chini ya mlango ukazibwa kwa gunia. Mimi ndiye niliyeziba. Usiku bibi, aliyelala chumba cha pili, alimsikia mama akitapika, akausukuma mlango kwa bega. Mdogo wangu alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Lakini kama bibi angekuwa mzito wa usingizi, nisingeandika barua hii.

Kwa maoni yangu, somo hili lisiishie katika daftari la mtihani. Siku ya mkutano wa wazazi, mwanafunzi mmoja apewe dakika 10 alieleze kwa maneno mepesi. Na viranja wa mabweni wakikuta jiko ndani usiku, wasilitoe kimyakimya kana kwamba kosa ni kuchafua sakafu.

Likizo iliyopita nilimweleza baba haya yote. Alinisikiliza, akasema baridi nayo huua. Nikamjibu, basi tununue blanketi la pili. Alinung'unika juu ya bei, lakini Jumamosi alikwenda sokoni akarudi nalo.