Kiungo cha Bangili

Bangili ya kioo ikizungushwa polepole karibu na taa, huonekana mahali padogo ambapo duara limeungwa. Wachache wetu hupatazama. Nawaomba kina mama na mabinti wasomao safu hii wapatazame, maana hapo ndipo ilipo kazi ya mwanamke mwenzetu.

Nyingi ya bangili za kioo za India hutoka Firozabad, mji ulio kiasi cha kilomita 40 mashariki ya Agra, katika jimbo la Uttar Pradesh. Hata neno letu bangili limevuka bahari kutoka India. Miongoni mwa mafundi wa asili wa mji ule ni jamaa ya Waislamu waitwao Shishgar, jina la Kiajemi lenye maana ya mfanya kioo. Usiku wa kuandama mwezi wa Idi, masoko ya India hufurika wanawake wanaochagua bangili za kulandana na nguo zao, jambo ambalo sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa.

Kazi huanza kwa mchanga, magadi na chokaa, vikayeyushwa tanurini kwa joto lipitalo digrii 1,000. Fundi huchota donge la kioo kwa fimbo ya chuma, wenzake hulitia rangi na kulisawazisha, kisha huvutwa uzi mwembamba unaojizungusha juu ya rola mfano wa springi. Springi ile hukatwa kwa urefu wake, na kila mzunguko ukawa pete iliyo wazi, ncha zake zimepishana. Bangili bado haijawa bangili.

Hapo ndipo pete hizo huondoka kiwandani zikaingia majumbani. Mwanamke mmoja huketi mbele ya moto mdogo, akazilainisha pete mojamoja hata ncha zielekeane. Mwingine huziyeyusha ncha zile kwenye mwali wa taa na kuzibana zishikamane. Feni haiwashwi hata katika joto la kiangazi, kwa kuwa upepo huuyumbisha mwali. Moshi humwingia machoni na kifuani, na ujira wake huhesabiwa kwa fungu la bangili, wala si kwa saa alizokaa.

Tarehe 30 Disemba 1996, Mahakama ya Juu ya India iliviamuru viwanda vya eneo linaloizunguka Taj Mahal, Firozabad ikiwamo, viache makaa na kutumia gesi asilia, ama vihame. Moshi ulikuwa ukiyaharibu marumaru ya kaburi ambalo Shah Jahan alimjengea mkewe, Mumtaz Mahal. Amri ilikuwa njema, na tanuri kubwa zikabadilika. Lakini ililenga viwanda. Chumba cha yule muungaji hakikutajwa. Marumaru ya malkia yalipata mtetezi kabla ya mapafu ya mwanamke aliye hai.

Watoto nao wamo. Sheria ya India ya mwaka 1986 ya kuzuia ajira za watoto katika kazi za hatari iliacha nje kazi zifanywazo na jamaa katika karakana yao wenyewe. Mlango huo ulipoachwa wazi, binti aliweza kuketi kando ya mamake baada ya shule, au badala ya shule, akizipanga pete.

Zikishaungwa, bangili hutiwa nakshi za rangi ya dhahabu, zikapitishwa tena motoni, zikafungwa kwa dazeni na kupelekwa sokoni.